Jinsi ya Kufungua Mfuniko wa Nyuma wa Saa ya Kuzamia

Saa ya kuzamia ya kisasa imetengenezwa isifunguke kirahisi. Nyuma yake kuna mfuniko wa chuma uliokazwa juu ya mpira mwembamba, na mpira huo ndio unaozuia maji. Ukilegeza mfuniko hata robo ya mzunguko, muhuri umevunjika. Kuanzia hapo yale maandishi ya 200M usoni mwa saa, yaani kina cha mita 200, hayana maana tena mpaka ifungwe upya na kupimwa kwa mashine ya shinikizo. Ninaliweka hili mbele kwa sababu wengi wanaouliza namna ya kufungua hufikiria spana tu, na spana ni dakika moja ya kazi yote.

Kwa hiyo jiulize kwanza unaifungulia nini. Betri imekwisha: sababu nzuri. Mpira umezeeka, saa inakimbia au inachelewa na unajua kuirekebisha, kuna kitu kimelegea na kinagonga ndani: sababu nzuri pia. Udadisi wa kutaka kuona mashine ya ndani ya saa ikizunguka ni sababu dhaifu, kwani picha za karibu kila mashine zinapatikana mtandaoni. Na kama saa bado ina dhamana, iache. Watengenezaji wengi hawatambui dhamana ya saa iliyofunguliwa nje ya mafundi wao.

Ukungu ndani ya kioo ni jambo la haraka. Maji ya chumvi yakiingia, kutu huanza kazi mapema sana, na kuacha saa ikae juu ya dirisha "ikauke" ni kuipa chumvi nafasi. Hapo ifungue, toa betri kama ipo, na uifikishe kwa fundi siku hiyohiyo. Kama huna hakika kwamba kuna unyevu, kuna kipimo kidogo kinachotumika katika kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia, ISO 6425: saa hupashwa joto la nyuzi 40 hadi 45, kisha tone la maji ya kawaida huwekwa juu ya kioo kwa dakika moja na kufutwa. Ukungu ukitokea upande wa ndani pale tone lilipokuwa, unyevu umo.

Itambue saa yako kabla ya kununua kifaa chochote

Geuza saa na uangalie mgongo wake kwa lenzi. Saa nyingi za kuzamia zina mfuniko wa hesi, yaani unaozungushwa kama kifuniko cha chupa. Utaona mitego midogo, yaani vijishimo vya kushikia spana, mara nyingi sita, iliyochongwa kuzunguka ukingo. Seiko nyingi ziko hivi, pamoja na ile SKX007 iliyofundisha watu wengi kazi hii. Mitego ikiwa ya pembe nne na yenye kina, spana ya meno matatu inatosha.

Rolex na Tudor zina mfuniko wenye meno madogo mengi pembeni, na hizo hazishikwi na spana ya meno matatu. Zinahitaji kikombe cha chuma chenye meno yanayolingana nayo, cha kipimo kamili. Kikombe kilicholegea hata kidogo kitalamba meno, na mfuniko uliolambwa hautoki tena kwa amani. Omega za miaka ya karibuni zenye mfumo wa Naiad Lock ni habari nyingine: mfuniko huingia kwa mzunguko mfupi hadi maandishi yake yanyooke sawasawa, na unahitaji kifaa chake maalumu. Hizo ningemwachia fundi.

Mfuniko wenye skrubu nne kwenye pembe ndio rahisi zaidi, na utaukuta kwenye saa nyingi za kidijitali. Mfuniko wa kubana, ule unaochomolewa kwa kisu, ni nadra kwenye saa ya kuzamia ya kweli. Ukiona saa imeandikwa mita 200 huku mfuniko wake ni wa kubana, jitahidi usifungue bila kuwa na mashine ya kuurudishia, maana vidole havitoshi na kioo huvunjika watu wanapojaribu kuukandamiza.

Kuna saa zisizo na mfuniko kabisa. Mgongo ni laini, una maandishi tu, hakuna mstari wa kiungo wala mitego. Kasha lake ni kipande kimoja na linafunguliwa kwa mbele, kupitia kioo. Seiko ya mita 600 iliyotoka mwaka 1975, ile yenye ngao ya nje, ilijengwa hivyo, na warithi wake wengi pia. Usitafute njia ya nyuma, haipo. Pia kuna saa zilizojazwa mafuta ndani, kama Sinn UX, ambamo kioo na mashine vyote vimeogeshwa ili shinikizo la kina lisiwe na nafasi ya hewa ya kuponda. Ukilegeza mfuniko wake mezani kwako umeiua saa. Hiyo hurudi kiwandani.

Kile kitufe kidogo kilicho pembeni mwa kasha kwenye baadhi ya saa, mara nyingi mkabala na namba 9 au 10 ya uso wa saa, ni vali ya heliamu. Ipo kwa ajili ya wazamiaji wanaokaa siku nyingi ndani ya chumba chenye gesi. Haihusiani na kufungua saa, kwa hiyo usiiguse.

Vifaa

Hapa usibane sana pesa, lakini pia usinunue sanduku zima la vifaa mia vya bei ya chini. Katika masanduku hayo meno ya spana ni laini, hupinda mara ya kwanza unapoyakaza, na jino lililopinda ndilo linalochora mgongo wa saa.

Unahitaji mpira wa kufungulia, yaani ule mpira laini unaonata, unaotoshea kiganjani. Unahitaji spana ya meno matatu yenye meno ya kubadilisha. Mafundi wengi huiita Jaxa. Spana ya miguu miwili ningeiacha dukani, kwani ikishika sehemu mbili tu ina njia nyingi za kuteleza. Unahitaji kishikio cha kasha, au jiliwa ndogo yenye midomo ya plastiki. Kisha kifaa cha kutolea pini za mkanda, vibanio vya plastiki, lenzi, pampu ndogo ya kupulizia vumbi, vidole vya mpira vya kuvaa, utepe wa karatasi wa gundi nyepesi, na grisi ya silikoni. Ongeza oringi mpya, yaani ule mpira mwembamba unaozuia maji, ya kipimo cha saa yako. Oringi inunuliwe kabla ya kufungua, siyo baada.

Na miwani. Pini ya mkanda ina springi ndani, na inaporuka huelekea popote.

Hatua ya 1: Vua mkanda, kisha osha

Toa mkanda pande zote mbili, hata kama unaona mfuniko unafikika. Mkanda wa chuma ukibaki, saa haikai sawa kwenye kishikio, na saa isiyokaa sawa ndiyo inayoteleza. Seiko za kuzamia hutumia pini nene za milimita 2.5, kwa hiyo ncha ya kifaa iwe inayolingana na shingo ya pini hizo. Bandika utepe upande wa ndani wa masikio ya kasha, yale yanayobeba mkanda, kwanza, au utaacha mikwaruzo ambayo haitafichwa na mkanda wowote.

Hakikisha nobu ya pembeni, ile ya kurekebishia majira, imekazwa hadi mwisho. Kisha osha saa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukisugua kwa mswaki laini kuzunguka kiungo cha mfuniko. Pitisha kijiti cha meno kwenye mstari huo wa kiungo. Utashangaa kinachotoka: mafuta ya ngozi, mafuta ya kujikinga na jua, chumvi, vumbi, vyote vimeshikana. Uchafu huo hufanya mambo mawili. Unagandisha hesi, na mfuniko ukiinuliwa unadondokea moja kwa moja kwenye mashine. Osha kwa subira, halafu kausha kabisa na upulize hewa kwenye kiungo.

Kama ukungu tayari umo ndani, au unajua mpira umekufa, usioshe kwa maji. Tumia mswaki mkavu na kijiti pekee.

Hatua ya 2: Ishike saa

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Mtu anayechora mgongo wa saa yake huilaumu spana, lakini ukichunguza utakuta kasha ndilo lililosogea. Spana nzuri kwenye saa inayocheza ni hatari kuliko spana mbaya kwenye saa iliyotulia.

Saa ya kuzamia ina shida yake ya pekee: uso wake wa mbele una pete inayozunguka. Ukiilaza kifudifudi na kukaza kishikio kwenye pete hiyo, unapozungusha spana pete nayo inazunguka, au mbaya zaidi, inang'oka. Pete nyingi zimebanwa tu juu ya kasha kwa mkazo, hazina skrubu. Kwa hiyo kishikio kishike masikio ya kasha, yale manne yanayobeba mkanda, na pini za kishikio zisiguse nobu. Nobu iliyogandamizwa kwa pembeni huweza kupinda bomba lake, na ukarabati wa hapo ni ghali kuliko betri uliyokuwa unabadilisha.

Chini ya kioo weka kitambaa kinene kilichokunjwa au pedi laini. Baadhi ya saa zina kioo kilichotuna juu ya pete, na uzito wote wa mkono wako utaishia hapo.

Sasa funika mgongo wa saa kwa utepe wa karatasi, tabaka mbili, na ukate matundu juu ya mitego tu. Kazi hii inachukua muda na wengi huiruka. Ifanye hata hivyo, hasa kama mfuniko una picha iliyochongwa au dirisha la kioo.

Jaribu kuitikisa saa kwa mkono. Ikisogea hata kidogo, rudia.

Hatua ya 3: Mpira kwanza, spana baadaye

Futa mgongo wa saa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kabla ya kuweka utepe au kwa kuondoa utepe katikati, ili mpira wa kufungulia upate kushika. Bonyeza mpira juu ya mfuniko kwa uzito wa kiganja na uzungushe kinyume na mishale ya saa inavyokwenda. Saa nyingi zilizofungwa vizuri na kutunzwa hulegea kwa mpira pekee. Mfuniko ulio na dirisha la kioo nao ufunguliwe hivi kwanza, maana jino la spana likiteleza juu ya kioo halina msamaha.

Mpira ukishindwa mara mbili tatu, chukua spana.

Rekebisha meno hadi yaingie kwenye mitego bila kulazimisha na bila nafasi ya kucheza. Jino moja la juu huweka upana, na yale mawili ya chini hukaa kwenye mitego inayoelekeana nalo. Chagua aina ya jino inayojaza mtego: la bapa kwa mtego wa pembe nne, la duara kwa tundu. Kaza kila skrubu ya kurekebishia, kwa sababu spana inayojilegeza katikati ya nguvu ndiyo inayoruka.

Weka mkono mmoja juu ya spana ukisukuma chini, na mwingine uzungushe. Nguvu ya kwenda chini iwe kubwa kuliko ya kuzungusha. Anza taratibu, ongeza polepole, bila kushtua. Utasikia au utahisi mfuniko ukiachia kwa mlio mdogo. Simama hapo. Toa spana, toa utepe, puliza vumbi, na umalizie kwa vidole.

Kwa saa ya skrubu nne, bisibisi ya msalaba namba 00 yenye ncha nzima, isiyolika. Legeza kila skrubu nusu mzunguko kwanza, kwa kuruka pembe kwa pembe, ndipo uzitoe. Zipange mezani kwa mpangilio uleule zilivyokuwa, kwani urefu wake wakati mwingine hutofautiana.

Mfuniko ukigoma

Usiongeze nguvu mara moja. Fikiria kwanza umegomea nini.

Sababu ya kawaida ni chumvi na uchafu kwenye hesi. Rudia usafi, halafu pasha mgongo wa saa kwa mashine ya kukaushia nywele, joto la kuvumilika mkononi, dakika chache. Mpira wa zamani wa kuzuia maji ulioganda hulainika, na mafuta yaliyokauka hulegea. Jaribu tena ukiwa bado na joto.

Sababu ya pili ni mpira uliooza ukawa kama lami. Huu hushika mfuniko kuliko hesi zenyewe. Joto husaidia hapa pia, na mara nyingi mfuniko hutoka ukilia huku ukivuta nyuzi nyeusi.

Ya tatu ni titani. Titani ikisuguana na titani huwa na tabia ya kung'ang'ania, chembe za upande mmoja hujishindilia kwenye upande wa pili, na kadiri unavyolazimisha ndivyo inavyozidi kujifunga. Ukihisi mfuniko wa titani umezunguka kidogo kisha ukakaza badala ya kulegea, simama, uurudishe kidogo ulikotoka, na umpelekee fundi mwenye mashine ya mezani.

Mafuta ya kulegezea kutu yasikaribie. Yanapenya kiungo, yanapita mpira, yanafika kwenye mashine na uso wa saa. Pia kuna wanaobandika nati ya chuma kwenye mgongo wa saa kwa gundi kali, wakaizungusha kwa spana kubwa, kisha wakayeyusha gundi kwa asetoni. Inafanya kazi, na mafundi huitumia kwa saa iliyokwisha kuharibika mitego. Kwa saa nzima sipendekezi, kwani asetoni inakula mipira, plastiki na rangi.

Hatua ya 4: Ukiwa ndani

Inua mfuniko wima, usiuburute. Kwenye saa ya kidijitali yenye kengele kuna springi ndogo sana inayosimama kati ya mashine na mfuniko ili kupeleka sauti. Ikidondoka utagundua siku kengele itakapokataa kulia. Itafute kabla hujaendelea, na uangalie ilikuwa tundu gani.

Piga picha sasa hivi. Picha inaonyesha oringi ilikaaje, pete ya plastiki inayoshika mashine imeelekea wapi, na kibati cha betri kiko upande gani.

Ndani ya saa inayojitia ufunguo yenyewe utaona kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka. Hicho unaweza kukisogeza kwa kijiti cha plastiki. Pembeni yake, chini kidogo, kuna gurudumu linalotikisika huku na huku likiwa na springi nyembamba kuliko unywele. Hilo usiliguse kwa lolote, hata kwa pumzi kali. Ukipuliza kwa pampu, elekeza pembeni.

Usipumulie saa. Hewa ya mdomoni ina unyevu, na unyevu huo ukifungiwa ndani utatokea kwenye kioo siku utakapoingia maji baridi. Kwa sababu hiyohiyo, fanya kazi hii siku kavu au ndani ya chumba chenye kiyoyozi, mbali na jiko na mvua.

Kwa saa ya betri, tumia vibanio vya plastiki. Vya chuma hugusa pande mbili za betri mara moja na kuimaliza. Soma namba iliyochapwa juu ya betri na uweke ileile. Saa ya nishati ya mwanga haina betri ya kawaida. Ina seli inayochajiwa, na kuweka betri ya kawaida mahali pake ni hatari, kwani mwanga utajaribu kuichaji hadi ivuje. Baadhi ya mashine za betri zinahitaji kuanzishwa upya kwa kugusanisha sehemu mbili zilizoonyeshwa kwenye kibati baada ya kubadilisha. Ukiruka hilo, saa ya kidijitali inaweza kuwaka na herufi za ajabu au isiwake kabisa.

Hatua ya 5: Oringi

Toa oringi ya zamani kwa kijiti cha plastiki au cha mbao. Sindano na kisu huacha mkwaruzo kwenye mfereji, na maji yanapenda mkwaruzo. Itazame chini ya lenzi: ikiwa bapa upande mmoja, inang'aa kama plastiki, au inaonyesha nyufa ukiikunja, imekwisha. Mimi hubadilisha kila ninapofungua, hata ikionekana nzuri. Haina gharama ya kujadili.

Kipimo ni vitu viwili: kipenyo cha ndani na unene. Unene ndio unaosumbua. Nyembamba kwa sehemu ya kumi ya milimita haibanwi vya kutosha; nene kwa kiasi hichohicho hutoka nje ya mfereji na kukatwa na mfuniko. Ile ya zamani imekwisha kubanwa miaka, kwa hiyo kuipima kwa kalipa kutakudanganya. Ni bora upate namba ya sehemu kutoka kwa mtengenezaji, au upime mfereji.

Safisha mfereji na ukingo wa mfuniko kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Unywele mmoja ukilala chini ya oringi unatosha kuwa njia ya maji.

Kisha grisi. Chovya oringi kwenye pedi yenye grisi ya silikoni, au ipitishe kati ya vidole vilivyovaa mpira na vyenye tone dogo la grisi. Inatakiwa ing'ae tu. Grisi haizibi maji. Kazi yake ni kuuacha mpira uteleze na ukae bila kujipinda mfuniko unapozunguka juu yake. Ukijaza grisi, ziada husukumwa ndani hadi kwenye mashine. Jambo moja la kuangalia: oringi iliyotengenezwa kwa silikoni isipakwe grisi ya silikoni, kwani huvimba. Nyingi za saa ni za nitrili, aina nyingine ya mpira, nazo hazina shida.

Ilaze kwenye mfereji bila kuivuta. Zungusha kidole kuikagua, mzunguko mzima.

Hatua ya 6: Kufunga

Puliza mara ya mwisho ndani ya kasha na chini ya mfuniko. Kagua kwa lenzi.

Weka mfuniko juu, na kwanza uzungushe kinyume, kama unafungua, kwa uzito wa kidole tu. Utahisi mahali ambapo hesi zinadondoka na kuingiliana. Hapo ndipo ugeuze na kuanza kufunga. Hatua hii ndogo ndiyo inayozuia hesi kuumana upande, na hesi za kasha zikiharibika hakuna oringi itakayookoa saa. Mfuniko uende kwa vidole, laini, hadi ukae. Mfuniko ukikaza mapema, rudi nyuma na uanze tena.

Malizia kwa spana, ukirudisha utepe na kishikio kama mwanzo. Kaza hadi chuma kikutane na chuma na uongeze kidogo. Watu hukaza mno kwa kuogopa kina, wakati kina chenyewe kinaukaza mfuniko. Maji huongeza takriban baa moja (kipimo cha shinikizo) kila mita 10, kwa hiyo kwenye mita 200 ni baa 20. Mfuniko wenye kipenyo cha milimita 36 hapo unasukumwa kuelekea ndani kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 200. Mkono wako hauongezi lolote hapo. Kinachobaki kwa mkono wako ni mita chache za juu, kwenye bwawa na mawimbi, ambako shinikizo ni dogo na oringi inajitegemea kwa mkazo wake wenyewe. Oringi safi iliyokaa sawa inatosha. Mfuniko uliokazwa kwa hasira unamwandalia taabu atakayeufungua baadaye.

Skrubu nne zikazwe kwa kuruka pembe, raundi mbili au tatu, kila raundi kidogo.

Hatua ya 7: Pima

Kuitumbukiza saa kwenye bilauri ya maji si kipimo. Kama inavuja, umeijua kwa kuiharibu.

Kuna mashine ya kavu inayoweka saa kwenye shinikizo la hewa au ombwe na kupima jinsi kasha linavyojipinda. Saa inayovuja haibaki imejipinda. Hii haina hatari yoyote, na ianze hii. Kuna pia ya maji: saa huning'inizwa juu ya maji ndani ya silinda, hewa hupandishwa shinikizo kwa dakika kadhaa, saa hushushwa majini, kisha shinikizo hupunguzwa taratibu. Kama hewa iliingia, itatoka kwa mapovu, na mapovu yatakuonyesha panapovuja. Povu moja lililoshika kwenye pete au sikio la kasha halihesabiki, ni hewa ya nje. Mfululizo wa mapovu kutoka sehemu moja ndio unaohesabika, na hapo saa inyanyuliwe kutoka majini papo hapo, kabla shinikizo halijaisha, la sivyo maji yataingia kupitia njia ileile hewa ilipotokea.

Mashine ndogo za mezani hufika baa chache tu. Zinatosha kugundua oringi iliyokaa vibaya, ambalo ndilo kosa la kawaida, lakini hazithibitishi mita 200. Kiwango cha ISO 6425 kinadai saa ipimwe kwa asilimia 125 ya shinikizo lililoandikwa, yaani baa 25 kwa saa ya mita 200. Kama unazama kwa mitungi na saa hiyo mkononi, mpelekee fundi mwenye mashine ya kufika huko.

Mapovu yakitoka kwenye nobu na siyo kwenye mfuniko, kazi yako ya mgongo ilikuwa safi. Mipira ya nobu na bomba lake ndiyo imechoka, na hiyo hubadilishwa na fundi kwa kutoa nobu yenyewe. Mapovu yakitoka kwenye mfuniko, kausha saa kabisa, fungua, na uangalie oringi imebanwa wapi. Karibu kila mara utakuta sehemu moja imetoka mfereji au kuna uzi wa kitambaa chini yake. Na kama huna njia yoyote ya kupima kwa sasa, ivae nchi kavu, ivue unapoosha vyombo na unapoingia bafuni, mpaka upate mashine.